Kazi ya Kubeba Mgonjwa Asiye Mahututi

(Haya ni maneno aliyoyasema ndugu mmoja mwanachama, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa masomo wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mimi si daktari wala mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya mbele ikakosekana, nikaingia reli. Kazi yangu mnaijua, ni kufunga na kufungua mabehewa yadini. Kwa hiyo nikikosea mahali, mnisahihishe bila kuona haya.

Katibu ameniomba nizungumze juu ya kazi ya kubeba wagonjwa, maana wanachama kadhaa wameuliza habari zake. Wako wanaokaribia kustaafu nao wanatafuta kazi ya pili. Wako wenye vijana nyumbani ambao leseni wanazo na kazi hawana. Nitaeleza kazi yenyewe ni nini, mtu anajifunza nini, ina taabu gani, na chama chetu kinaweza kufanya nini. Lakini kwanza lazima niseme jinsi mimi, mtu wa mabehewa, nilivyoingia katika jambo hili. Si habari ya kujisifu.

Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni. Baada ya kustaafu figo zake ziliharibika, ikambidi aende hospitali mara mbili kila wiki kusafishwa damu kwa mashine, muda wa saa nne kila mara. Madaktari walimpasua mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa miwili ya damu, ili mashine ipate njia ya kutosha. Ukiweka kidole juu ya mshipa ule ulisikia unatetemeka, kama reli inavyotetemeka treni ikiwa bado iko mbali. Baba alikuwa akiugusa kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mimi nilidhani ni mazoea ya uzee.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaingia. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka usiku ikaanza, kutoka saa 1 ya jioni hadi saa 11 ya alfajiri. Matatu zikapunguza abiria na nauli ikapanda. Zamu ya baba kwenye mashine ilikuwa ya alasiri, akawa anatoka jioni wakati magari hayapo. Jioni moja nikaazima pikapu ya jirani nikaenda kumchukua. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya mlango, amechoka, kichwa kinamzunguka. Mimi nilikuwa na haraka kwa ajili ya saa. Nikamshika mkono wa kushoto, nikamvuta juu kwa nguvu kama ninavyovuta mnyororo wa behewa. Akaniambia, "Pole pole, mwanangu." Nikamwambia, "Twende, baba, saa imefika." Nikamlaza nyuma juu ya godoro kwa ubavu wa kushoto, mkono wake ukiwa chini yake, nikamfunga kamba asibingirike.

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Mpaka barua ya hospitali isomwe na sisi kuruhusiwa, muda mrefu ulikuwa umepita. Tulifika nyumbani usiku. Asubuhi baba aligusa mkono wake, akanyamaza. Kisha akasema, "Treni haiji."

Damu ilikuwa imeganda katika mshipa ule. Daktari alituambia kwamba mtu akitoka kwenye mashine presha yake huweza kushuka sana, na mkono wake ukikandamizwa wakati huo mshipa huweza kufa. Akauliza ni nani aliyembeba. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Baba aliwekewa mpira shingoni, nao ukaingia vijidudu, akalala wadini wiki tatu. Alipona, akapasuliwa mkono wa pili, tukangoja mpaka mshipa mpya ukakomaa. Aliishi hata mwaka 2023.

Ndugu zangu, sikufanya lile kwa ubaya. Nilikuwa mwana anayempenda baba yake. Lakini upendo bila mafunzo ulimvunjia mzee mkono wake wa uhai. Nilipomwomba msamaha alinijibu kama gadi. Alisema, "Katika reli kosa huandikwa, ili mwenzako asilirudie. Andika ripoti yako." Basi maneno yangu ya leo ndiyo ripoti ile, ingawa imechelewa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Watu wengi wakisikia gari la wagonjwa wanafikiri king'ora, damu barabarani na dereva anayekimbia. Hiyo ni kazi ya dharura, nayo ina mafundi wake waliosoma. Lakini wagonjwa wengi wanaosafiri si wa namna hiyo. Ni mzee wa mashine ya figo. Ni mama aliyepasuliwa na sasa anarudishwa nyumbani. Ni mgonjwa wa saratani aendaye kuchomwa miale. Ni aliyepooza, anayetakiwa kliniki. Ni mgonjwa wa hospitali ndogo anayepelekwa hospitali kubwa kupigwa picha na kurudishwa. Hawa hawafi njiani ukienda taratibu, lakini hawawezi kupanda matatu wala kukaa juu ya pikipiki. Kuwabeba hao ndiyo kazi ninayoizungumza.

Kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walibeba wagonjwa kwa machela, watu wanne mabegani, wakipokezana mlimani. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 maelfu ya watu wa nchi hii waliingizwa katika jeshi la wapagazi, na jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor. Mizigo yao ilikuwa risasi na chakula, na pia majeruhi. Tena watu wa reli tuna sehemu yetu. Chama cha St. John kilipoanza kufundisha huduma ya kwanza huko Uingereza mwaka 1877, miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa reli na wa migodi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiumia kila siku na daktari yuko mbali.

Katika nchi nyingine kazi hii imetengwa na ile ya dharura, nayo ina sheria zake. Jimbo la Victoria katika Australia lilitunga sheria ya kubeba wagonjwa wasio wa dharura mwaka 2003, na wagonjwa hugawanywa kwa daraja tatu, ili wa daraja la juu asipewe mtu asiye na elimu ya kumtazama. Katika Uingereza taarifa ya mwaka 2021 ilihesabu safari za namna hii kuwa milioni 11 hadi 12 kila mwaka, na sehemu kubwa ni za watu wa mashine ya figo kama baba yangu. Kwetu Kenya kazi hii ipo, lakini mara nyingi hufanywa na dereva yeyote na taniboi yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo.

Je, mtu anayetaka kazi hii ajifunze nini? Nitasema yale niliyofundishwa mimi, maana baada ya mambo ya baba nilijiandikisha katika darasa la huduma ya kwanza, na sasa siku zangu za mapumziko ninasaidia kwenye gari moja la kubeba wagonjwa.

Kwanza ni karatasi. Uwe na leseni ya daraja linalolingana na gari, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na cheti cha huduma ya kwanza kutoka kwa chama kinachotambuliwa, kama vile St. John au Msalaba Mwekundu. Cheti hicho hakidumu milele, kina tarehe ya mwisho kama leseni, na ni lazima urudi darasani. Kabla ya kushika mgonjwa wa kwanza upate chanjo ya homa ya ini ya namna ya B, ambayo ni sindano tatu. Usikubali kuambiwa kwamba utachanjwa baadaye.

Pili ni kuinua. Hapa ndipo wengi wanapovunjika mgongo. Mwanamume anajivuna kwamba anabeba gunia la kilo 90, basi mzee wa kilo 60 atamshindaje? Atamshinda, ndugu, kwa sababu gunia halishtuki wala halikushiki shingo. Pinda magoti, mgongo usipinde. Mzigo uwe karibu na kifua chako. Kama ni watu wawili, mmoja tu ndiye anayehesabu, na wote mnainua kwa neno lake, kama tunavyofanya na mataruma. Kabla ya yote, funga breki za kiti cha magurudumu na za kitanda. Nimeona kwa macho yangu kiti kikirudi nyuma na mama akikaa sakafuni. Kwenye mteremko mkali kiti kishuke kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini.

Tatu ni kuuliza. Neno hili nililipata kwa mama mmoja, msaidizi wa gari, aliyekuja kumchukua baba baada ya kutoka wadini. Hakumgusa kwanza. Alichuchumaa mbele yake, akamwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akauliza, "Nikushike mkono gani?" Baba alinitazama mimi. Ndugu, swali lile lina maneno matatu tu, na laiti ningaliliuliza mimi, asingalipasuliwa mara ya pili. Tangu siku hiyo sijamshika mgonjwa bila kuuliza. Ninauliza wapi panauma, kama anaweza kusimama, kama kichwa kinazunguka, kama amekula, kama yuko tayari. Aliyetoka kwenye mashine hainuki mara moja. Hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akapumua, ndipo akasimama. Mkono wake wenye mshipa wa mashine haukamatwi, haufungwi kamba, haupimwi presha, wala haulaliwi. Ukitoka damu, bonyeza mahali pale kwa kitambaa safi, usiachie, na umwite nesi.

Nne ni usafi. Vaa glavu, na uzivue kabla ya kushika usukani, maana glavu chafu ni mbaya kuliko mkono uliooshwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kila mgonjwa. Kitanda na mikanda vifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu, wala si kwa kitambaa kilekile cha kufutia kioo. Ukibeba mwenye kifua kikuu, yeye avae kitambaa cha mdomo, wewe pia uvae kile kinachobana vizuri, na madirisha yafunguliwe. Mtungi wa hewa ya oksijeni ufungwe imara, usiguswe na mafuta wala grisi, na mtu asiwashe sigara karibu nao. Sisi wa karakana tuangalie sana hapo, maana mikono yetu haikosi grisi.

Tano ni kukabidhi, na jambo hili mtu wa reli analijua kuliko wote. Katika njia ya reli moja treni haiingii sehemu ya mbele bila kibali, na kibali hicho hupokewa mkononi na mtu mwenye jina. Mgonjwa ni vivyo hivyo. Usimwache kwenye benchi ukaondoka kwa kuwa umeona koti jeupe linapita. Mpeleke kwa nesi, toa karatasi zake, sema jina lake, sema njiani alikuwaje, na nesi atie sahihi. Ukimrudisha nyumbani, hakikisha yuko mtu wa kumpokea na kwamba dawa zake zimeshuka pamoja naye. Baba yangu jioni ile alikuwa peke yake kwenye benchi. Aliyemtoa ndani hakumkabidhi kwa mtu.

Sita ni kujua mwisho wa uwezo wako. Mgonjwa asiye wa dharura huweza kugeuka akawa wa dharura katikati ya safari. Midomo ikiwa ya buluu, akishindwa kusema, akishika kifua, akipoteza fahamu, hiyo si safari ya kawaida tena. Simama mahali salama, fanya ulichofundishwa, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, au umkimbize katika hospitali iliyo karibu kabisa, hata kama siyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Usione aibu ya kuita msaada.

Na la saba ni mdomo. Utaona mengi ndani ya nyumba za watu. Utamjua mwenye ugonjwa anaouficha, utaona umaskini wa mtu aliyekuwa bwana mkubwa. Yote yabaki ndani ya gari. Mfunike mgonjwa leso unapompitisha mbele ya majirani. Wala usipokee chai kutoka kwa mtu ambaye ameuza mbuzi ili aje hospitali.

Sasa niseme taabu za kazi hii, maana sikuja hapa kumpaka mtu mafuta.

Wengi wanaoifanya hawana barua ya kazi. Wanalipwa kwa safari, na siku isiyo na safari wanarudi nyumbani mikono mitupu. Glavu wanajinunulia wenyewe. Mgongo ukiuma wanaambiwa wapumzike, na wakipumzika nafasi inachukuliwa na mwingine. Nilimwuliza dereva mmoja, jina lake silitaji, kama tajiri wake amewakatia bima ya kuumia kazini. Alicheka.

Lakini sheria ipo, ndugu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka uleule wa 2007, inamtaka tajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya 2007, inamtaka awape vifaa vya kujikinga, wala asiwatoze. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia katika chama. Mchukuzi wa wagonjwa ni mfanyakazi kama mimi na wewe. Akiwa peke yake hizo sheria ni karatasi tu. Akiwa ndani ya chama, zina meno.

Tena nawaonya vijana. Ukisikia wakala anasema ana nafasi za kazi hii ng'ambo, naye anataka pesa kabla hujaona mkataba, shika mfuko wako. Njoo kwanza afisi ya tawi tusome karatasi pamoja.

Najua mtu ataniuliza, "Ndugu, kazi yenye taabu hivi, kwa nini unatuitia?" Nitamjibu hivi. Kila mmoja wetu hapa atabebwa siku moja. Atakayekubeba atakuwa mtoto wa mtu fulani, labda mtoto wa mwenzako wa zamu. Afadhali awe amefundishwa, ana barua yake ya kazi, na mgongo wake hauumi. Mtu anayelipwa kwa safari atakuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyoua mkono wa baba yangu. Kwa hiyo mshahara wa mchukuzi na usalama wa mgonjwa ni jambo moja.

Nina maombi matatu kwa tawi, nayo nimemwandikia Katibu.

La kwanza, tufanye darasa la huduma ya kwanza na la kubeba wagonjwa kwa wanachama ishirini wa mwanzo, na tajiri wetu aombwe kutoa muda na sehemu ya gharama, kwa kuwa yadi na karakana zitafaidika pia mtu akiumia.

La pili, tuandike orodha ya wazee wetu waliostaafu ambao wanakwenda hospitali kila wiki, tujue ni nani anawachukua na nani anawapokea. Waliofundishwa wagawane siku. Wazee hao ndio waliojenga chama hiki kwa shilingi zao, wasiachwe kwenye mabenchi.

La tatu, tuwatafute madereva na wasaidizi wa magari ya wagonjwa katika mji huu, tuwasikilize, na kama chama chetu si mahali pao kwa sheria, tuwaonyeshe chama kinachowafaa na kuwasindikiza mpaka mlangoni.

Bwana Mwenyekiti, ripoti yangu imekwisha. Kosa ni lile nililolitaja, mkosaji ni mimi, na dawa yake ni mafunzo. Anayetaka kujiandikisha, daftari liko mezani kwa Katibu, na kalamu iko. Mkirudi nyumbani leo, kama mna mgonjwa, kabla ya kumwinua mwulizeni kwanza awaambie mumshike wapi.

Umoja ni nguvu.